Maji Yatapoaje? Nikimsoma Bernard Leach Kwenye Kibanda cha Uani

Nakala yangu ya A Potter's Book imechafuka kiasi kwamba sithubutu kumwazima mtu. Kurasa za glezi zina alama za vidole vya udongo mwekundu, mahali fulani uji wa kaolini umegandisha kurasa mbili pamoja, na ndani ya jalada la nyuma nimeandika uniti za umeme nilizotumia kila nilipowasha tanuri. Nalisema hili mapema kwa sababu nataka kukisema kitabu hiki vibaya kidogo, na sipendi mtu adhani nakisema kwa kusikia. Kwa miaka minne kimekaa kwenye kibanda changu cha uani huku Mbezi, juu ya ndoo ya udongo, na ndicho mwalimu pekee niliyekuwa naye mpaka siku nilipouharibu mtungi wa bibi yangu.

Nianze na neno lenyewe. Glezi ni kile kioo chembamba kinachoyeyukia juu ya chombo ndani ya tanuri, kinachofanya kikombe chako cha chai king'ae na kisivuje. Kiswahili chetu hakijatulia na neno moja. Wengine husema rangi ya kung'aa, wengine husema kauri wakimaanisha chombo kizima. Mimi nitasema glezi, tuendelee.

Bernard Leach alizaliwa Hong Kong mwaka 1887, akasomea sanaa London, akaenda Japani mwaka 1909 akiwa na nia ya kufundisha uchoraji wa kuchapa kwa bamba la shaba. Mwaka 1911 akaalikwa kwenye hafla ya wasanii, wageni wakapewa vyombo vya udongo wavichore, vikachovywa kwenye glezi na kutiwa kwenye tanuri dogo palepale mbele yao. Muda si mrefu vikatolewa vyekundu kwa moto, na Leach akanasa maisha yake yote. Mwaka 1920 alirudi Uingereza pamoja na Shoji Hamada, wakajenga tanuri na karakana St Ives, Cornwall. A Potter's Book kikatoka mwaka 1940, wakati Ulaya iko vitani, na tangu hapo wafinyanzi wengi wa nyumbani wanaosoma Kiingereza wamepitia mikononi mwake, wakijua au wasijue.

Ni kitabu cha ufundi, lakini mtu anayependa nathari nzuri atakifurahia hata kama hatagusa udongo maishani mwake. Leach anapoeleza namna udongo unavyokandwa, sentensi zake zina mwendo wa kazi yenyewe: anasukuma, anakunja, anasukuma. Na hana choyo. Anatoa vipimo, anatoa kanuni za kuchanganya, anachora tanuri lilivyojengwa. Kwa sisi tuliokulia kwenye fani ambazo fundi hukuambia nusu na nusu nyingine anaondoka nayo kaburini, huo ni ukarimu wa ajabu.

Shida yangu iko kwenye sura ya kwanza, ile aliyoiita "Towards a Standard". Anatafuta kipimo: tukisema chombo hiki kizuri na kile kibaya, tunapima kwa nini? Swali ni la haki, na lingeulizwa zaidi hata kwenye uhakiki wetu wa riwaya. Jibu lake ni vyombo vya China vya enzi ya Song, na karibu yake vya Korea na Japani, pamoja na vyungu vya kale vya Uingereza. Anaandika kama mtu aliyekwisha kubaliana nawe kabla hujafungua mdomo. Na ukikisoma kitabu kizima kwa mtiririko, unatoka na imani moja ambayo sidhani kama aliitamka kwa maneno hayo: kwamba chombo kinapanda ngazi, kutoka udongo mbichi, kwenda udongo uliochomwa, kwenda glezi, na kileleni kuna glezi tulivu ya moto mkali. Chochote kilichoishia chini ya hapo hakijamaliza safari.

Mimi niliiamini ngazi hiyo. Nitaeleza kwa nini ilikuwa rahisi.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi yangu ni kupiga simu, kusubiri watu wasiotaka kuongea, na kukabidhi kabla ya saa kumi na moja. Ufinyanzi niliuanza nikiwa na miaka thelathini na moja, kwa kuchoka tu, na niliuanza kwa kitabu kwa sababu nisingeweza kuuanza kwa njia nyingine. Upande wa mama ni Wakisi wa Ikombe, kule Ziwa Nyasa, ambako ukitoka Matema unakwenda kwa mtumbwi au kwa miguu. Vile vyungu vya Kyela mnavyovisikia, wanaovitengeneza ni wanawake wa huko. Narudia, wanawake. Wanaume wanavua samaki. Likizo nikiwa mdogo niliruhusiwa kubeba udongo, kuutwanga, na kufukuza kuku; nikigusa chungu kibichi nafukuzwa mimi. Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Kwa hiyo ule mkono haukunifikia, na nilipoutaka ukubwani nikaenda kuutafuta kwa Mwingereza.

Kwa kweli, Mwingereza alinipokea vizuri. Nilinunua tanuri dogo la umeme la mtumba kwa mwalimu wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, nikamlipa kwa awamu. Kaolini nachukua ya Pugu, maana vilima vile vya Kisarawe vimejaa udongo mweupe ambao nchi nyingine wangeulilia. Feldspa nilipata mfuko kwa rafiki anayefanya kazi kiwanda cha vigae. Kisha nikaanza na ile kanuni maarufu inayotembea na jina la Leach, ambayo wafinyanzi huiita 4-3-2-1: sehemu nne za feldspa, tatu za silika, mbili za unga wa mawe ya chokaa ambayo hayajachomwa, moja ya kaolini. Unaweza kuikariri ukiwa kwenye daladala. Silika ndiyo kioo chenyewe, lakini peke yake haiyeyuki mpaka moto upite nyuzi 1,700, na tanuri la uani halifiki huko. Feldspa na chokaa zinaishawishi iyeyuke mapema, na kaolini inaizuia isitiririke kama maji.

Hii ndiyo sehemu ambayo Leach anafundisha kuliko mwandishi yeyote niliyemsoma, na hapa simpunguzii hata nusu alama. Chombo kikishachomwa mara ya kwanza, kwenye nyuzi 1,000 hivi, kimekuwa kigumu lakini bado kina kiu. Ukikichovya kwenye uji wa glezi kinakunywa maji na kubaki na unga umeganda juu yake. Sekunde tatu, nne. Ukichelewa, unga unakuwa mnene, na tanurini utashuka mpaka kwenye kitako na kukigundisha chombo na rafu. Nina vikombe viwili ambavyo mpaka leo vimeoana na rafu yangu. Lazima ufute kitako kwa sponji. Lazima ukoroge ndoo kila mara kwa sababu vitu vizito vinakaa chini, na kikombe cha kumi hakitafanana na cha kwanza. Halafu unachoma tena, safari hii mpaka nyuzi 1,250, na kesho yake unasubiri. Kusubiri ndiko kugumu. Ukifungua tanuri likiwa na nyuzi mia tatu, hewa baridi ya nje inapasua kazi ya wiki mbili, na unasikia: tin, tin, tin.

Nilipata kikombe changu cha kwanza kizuri kwenye mchomo wa saba. Rangi ya asali, kimetulia, kinakaa mkononi. Zile rangi za kijani zenye ubluu ambazo Leach anazisifu kwa vyombo vya China zinahitaji tanuri la kuni au gesi lililonyimwa hewa, ili chuma kilicho ndani ya glezi kigeuke. Tanuri la umeme lina hewa ya kutosha, kwa hiyo chuma kilekile kinakupa asali na kahawia. Sikujali. Chai ya kikombe kile niliinywa nimesimama.

Sasa, kabla sijamlaumu Leach kwa ngazi yake, lazima niseme kwamba pwani yetu ilikuwa na ngazi hiyohiyo karne nyingi kabla ya St Ives. Nenda Kunduchi kwenye yale makaburi ya nguzo. Mle kwenye chokaa walipachika sahani na mabakuli ya kauri kutoka China. Nyingi zimeng'olewa, yamebaki mashimo ya duara yanayokutazama. Mtu akifa, familia iliweka kwenye nguzo yake kitu kinachong'aa kilichovuka bahari. Sijaona kaburi lililopachikwa chungu cha kupikia. Na bado, wanaakiolojia kama Felix Chami walipochimba pwani hii, vigae vya udongo wa hapahapa, vyenye mistari na pembetatu zilizochorwa kabla ya kuchomwa, ndivyo walivyovikuta kwa wingi. Watu walipika, wakala na kunywa kwenye chungu, kisha wakapamba makaburi kwa sahani ya kauri. Tulijua tofauti ya kutumia na kuonyesha, na tukaipa heshima ile ya kuonyesha. Kwa hiyo Leach aliponiambia glezi ndiyo kilele, aliniambia kitu nilichokuwa nakijua tangu nizaliwe. Sebuleni kwetu vyombo vya kauri vilikaa kwenye kabati la kioo, na mitungi ilikaa nyuma ya mlango.

Mtu wa pili ninayetaka kumleta ni Michael Cardew, mwanafunzi wa Leach tangu mwaka 1923, kwa sababu yeye aliibeba ngazi hii mpaka Afrika. Msomi wa Oxford, alisoma lugha za kale, akaishia kwenye udongo. Alifanya kazi Gold Coast wakati wa vita, kisha mwaka 1950 serikali ya kikoloni ikampeleka Nigeria kuwa ofisa wa ufinyanzi, akaanzisha kituo cha mafunzo Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja. Kitabu chake, Pioneer Pottery, kilitoka mwaka 1969, na kwa mtu wa huku kinafaa kuliko cha Leach: kinamwandikia mtu aliye mbali na maduka, anayetakiwa kulijua jiwe kwa kuliangalia. Pia ana ucheshi mkavu ambao Leach hakujaliwa.

Kwenye jumba la Emir wa Abuja, Cardew aliona mitungi iliyomshtua kwa uzuri. Aliyeifinyanga ni mwanamke wa Kigwari aitwaye Ladi Kwali. Mwaka 1954 akajiunga na kituo, mwanamke wa kwanza pale. Alijua kazi yake tangu utotoni: anazunguka chombo kwa miguu yake mwenyewe, anapandisha kamba ya udongo juu ya kamba, kisha anachora mijusi, nyoka na mamba kwenye kuta. Kijijini vyombo hivyo vilichomwa kwa nyasi na kuni, moto wa wazi. Kituoni vikachomwa kwa moto mkali wa tanuri, michoro ikajazwa udongo mweupe, juu yake ikapita glezi. Mwaka 1958 vikaonyeshwa Berkeley Galleries, London. Leo Ladi Kwali yuko nyuma ya noti ya naira 20, na ukitaka kujua nchi inavyoweza kumheshimu mfinyanzi, anza hapo.

Vyombo vile ni vizuri. Nimeviona kwa picha tu, na hata kwa picha vina uzito unaokufanya ukae kimya. Lakini wahakiki wengine wamewahi kugusa jambo ambalo mimi nilihitaji mama yangu anigusie: mtungi wa maji ukiupaka glezi na kuuchoma mpaka ukaziba, hautoi tena jasho. Na mtungi unapoza maji kwa kutoa jasho. Maji kidogo yanapenya ukuta, yanakuwa mvuke kwenye uso wa nje, na kila tone linaloondoka linaondoka na joto. Ukishauziba umepata sanamu nzuri sana ya mtungi. Cardew, mtu aliyeupenda mtungi ule kuliko ofisa yeyote wa kikoloni, aliunyang'anya kazi yake katika kuuheshimu. Simdharau kwa hilo. Nimefanya vibaya zaidi yake.

Mama alikuwa na mitungi miwili ya bibi, midogo, ya lita tatu hivi, aliyoileta kutoka Ikombe baada ya msiba. Mmoja ulikuwa na ufa. Ule mzima ulikaa jikoni kwake mpaka tuliponunua friji, ndipo ukahamia nyuma ya mlango. Mwaka jana mama alikuwa anatimiza miaka sitini na tano, nikapata wazo ambalo wakati ule niliona ni la kishairi: niuchukue mtungi wa mama yake, niupake glezi yangu ya rangi ya asali, niuchome kwenye tanuri langu, nimrudishie uking'aa. Kazi ya vizazi viwili kwenye chombo kimoja. Unaona hatari ya kusoma vitabu.

Nilimwomba bila kumweleza yote. Akauliza nataka kuufanyia nini, nikasema nataka kuupaka kama vile vikombe vyangu. Mama ni mwalimu wa msingi mstaafu, haulizi swali kwa haraka. Akaufuta vumbi kwa upindo wa kanga, akasema, "Sasa baba, ukiupaka hicho kioo, maji yatapoaje?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, siku hizi si kuna friji?"

"Haya," akasema.

Nimeandika uhakiki wa vitabu kwa miaka kama kumi, na sijawahi kuandika sentensi iliyoingia kwenye kiini cha kitabu kama swali lile. Leach anauliza chombo kinaonekanaje, kinakaaje mkononi, kina uhai gani, kimetoka kwenye mkono mnyofu au mkono wa kujionyesha. Anauliza hata kama kinamwaga vizuri. Mama aliuliza udongo wenyewe unafanya nini usiku, watu wakiwa wamelala.

Nikauchovya. Sekunde nne. Nikawasha tanuri Jumamosi jioni.

Nataka niwe mkweli kuhusu kosa langu, maana ni rahisi kusema kitabu kilinidanganya. Hakikunidanganya. Leach anaeleza wazi, na Cardew wazi zaidi, kwamba kila udongo una kikomo chake cha moto. Udongo mwekundu wenye chuma kingi unaochomwa kwa nyasi na kuni unatosheka na nyuzi mia saba, mia nane. Ukiupeleka 1,250 unavimba, unachemka ndani, unalainika. Hilo nilikuwa nalijua. Nilishawahi kumweleza hata jirani. Ila siku ile sikuutazama mtungi kama chombo chenye udongo wake na moto wake. Niliutazama kama chombo ambacho hakijamaliza safari, kimesimama kituo kimoja kabla ya mwisho, kinanisubiri mimi nikimalizie. Kanuni za kemia nilizipata kwa Leach, na zilikuwa sahihi. Ule mtazamo nao niliupata kwake, na kwenye kabati la kioo la nyumbani, na kwenye nguzo za Kunduchi.

Jumatatu asubuhi nilifungua. Mtungi ulikuwa umekaa chini kama ugali uliomwagwa, kahawia iliyokolea, una malengelenge, umeshikana na rafu. Shingo ilikuwa imeanguka ndani. Glezi yangu iling'aa vizuri tu. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi hata gae sikubaki nalo, maana gae ni kipande cha chombo, na kile hakikuwa tena chombo.

Mama alikuja kuuona kwa sababu nilishindwa kumficha. Aliligonga lile donge kwa kidole. "Huu sasa ni jiwe," akasema, akaenda kuosha mikono. Hakugomba. Kwa muda wa kama mwezi hakuulizia habari za kibanda.

Ni katika mwezi huo nilipomrudia Magdalene Odundo, ambaye nilikuwa nimemsoma juujuu kama mtu anayesoma habari za mtu wa kwao aliyefanikiwa. Amezaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971, na katikati ya masomo yake akasafiri mpaka Abuja, kwenye kituo kilekile, ambako alijifunza kwa Ladi Kwali kujenga kwa mkono. Baadaye akafika New Mexico kuona vyombo vyeusi vya Maria Martinez na jamii yake ya San Ildefonso. Angalia alichokibeba na alichokiacha. Kituo kilikuwa cha glezi. Yeye aliondoka na mkono wa Ladi Kwali, glezi akaiacha hukohuko. Vyombo vyake vinapakwa udongo uleule uliochujwa mpaka ukawa laini kabisa, vinasuguliwa mpaka vinang'aa vyenyewe, kisha moto unaamua: tanuri lenye hewa linatoa rangi ya machungwa, na mchomo wa pili ulionyimwa hewa unatoa weusi kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Mng'ao unatoka ndani ya udongo, haujamiminwa juu.

Ningependa kusema Odundo anamjibu mama yangu, lakini hapana. Vyombo vyake haviwekwi maji. Vinakaa British Museum na kwa wenye fedha zao. Anamjibu Leach, na hilo linanitosha kwa sasa: ameonyesha kwamba mtu anaweza kukataa kupanda ngazi ile na bado akafika juu kuliko wengi waliopanda.

Kuna kitabu kingine ambacho wapenzi wa Leach hukusukumia ukianza kulalamika hivi, The Unknown Craftsman cha Soetsu Yanagi, ambacho Leach mwenyewe alikitengeneza kwa Kiingereza mwaka 1972. Hicho, watakwambia, kinamheshimu fundi wa kijijini asiye na jina. Nimekisoma. Kina kurasa nzuri mno kuhusu uzuri wa vitu vya kila siku. Ila hilo neno "asiyejulikana" linanikwaza. Hajulikani na nani? Bibi yangu alijulikana. Sokoni Matema wanawake walikuwa wanageuza vyungu na kusema hiki cha fulani, hiki cha fulani, kwa kuangalia mdomo tu. Aliyekuwa hajulikani pale ni mkusanyaji aliyetoka mbali, na huyo ndiye aliyeandika kitabu.

Pamoja na yote, kisome Leach. Ukikipata kwa bei nafuu usikiache. Mimi ningekushauri uanzie kwenye udongo, uende kwenye glezi na matanuri, na ile sura ya kipimo uiweke mwisho, ukishakuwa na vyombo vyako vitatu vinne vya kubishana naye. Ukikianza mwanzo kama nilivyofanya mimi, atakuwa amekupangia macho kabla mikono haijaanza kazi. Glezi yenyewe sijaiacha. Kikombe cha chai kinaihitaji, bakuli la mchuzi linaihitaji; udongo mtupu unakunywa mafuta na kesho yake unanuka dagaa wa jana. Na chungu cha kupikia kwenye mafiga hakiihitaji kabisa, kwa sababu chombo kilichozibwa kwa moto mkali ukikiweka juu ya miali kinapasuka, wakati chungu chenye mchanga mwingi na matundu yake madogo kinatanuka na kurudi, kila siku, kwa miaka.

Mama amerudi kibandani mwezi huu. Alianza kwa kusema udongo wangu ni laini mno, nauchekecha kama unga wa keki, niache mchanga wake. Kisha akavua saa, akaketi kwenye kigoda, akaanza kupandisha chombo kwa kamba za udongo, polepole, akisimama kila mara kuukumbusha mkono. Alikuwa hajafinyanga tangu aende chuo cha ualimu. Nilimuuliza kama si mwiko mimi kukaa naye pale, akasema Mbezi si Ikombe, nilete maji.

Vyungu sita vimekauka, vinne vyake, viwili vyangu. Jumamosi tunachomea uani, kwa makuti makavu na vifuu. Majirani nimeshawaambia kuhusu moshi. Vyangu vimepinda mdomo.